Sura ya Saba: Mbele ya Lango la Mawe

Msafara wa harusi ya Ursule ulifika bustanini saa nane mchana, magari sita yakipiga honi tangu kanisani. Benie alikuwa katika gari la pili, amebanwa kati ya mama yake na shangazi mmoja mnene, akimwomba Mungu kimoyomoyo kwamba Hubert awe amekwenda kula.

Hakuwa amekwenda kula. Alikuwa juu ya ngazi.

Maharusi wa mtaa wa Makiso walilipenda lango lile kwa picha zao. Lilikuwa lango la zamani: nguzo nne nene za mawe ya kahawia, mbili kila upande, na juu yake tao lililochongwa majani, maua na samaki waliokunja mikia. Waliolijenga walikuwa wamekwisha wote. Mizizi ya mti pori ilikuwa imelipasua tao, mvua ikalila taratibu, samaki wawili wakadondoka vichwa, hata mwaka ule ikaamuliwa litengenezwe kabla halijamwangukia mtu. Kazi akapewa Hubert, mwashi wa miaka thelathini na mmoja, mtoto wa wavuvi wa Wagenia, kule kwenye maporomoko ya mto. Kwa miezi mitano alikuwa akichomoa mizizi na kuziba nyufa kwa chokaa.

Na kwa miezi mitano Benie, karani wa ofisi moja karibu na bandari, alikuwa akikatisha bustanini kila adhuhuri, ingawa njia ile ilikuwa ndefu kuliko ya barabarani. Mwanzoni alisimama kutazama mawe. Baadaye alisimama kumtazama mchonga mawe. Siku Hubert alipommaliza samaki mpya wa kwanza, alimwita amguse jicho kabla hajampandisha juu. Benie akaligusa. Kidole kikabaki na vumbi jeupe, Hubert akakifuta kwa kitambaa chake, polepole mno kwa mtu anayefuta kidole tu. Mapenzi yao yalianzia hapo, nyuma ya nguzo ya kushoto, yakinuka chokaa.

Kesho ya siku hiyo ya harusi, Jumapili, saa tisa alasiri, Hubert na mjomba wake walikuwa waende nyumbani kwa kina Benie kupiga hodi ya posa. Siku ilikuwa imepangwa kwa mwezi mzima. Hubert alikuwa ameuliza mara tatu, "Mama yako anajua?" na mara tatu Benie alikuwa amejibu, "Nilimwambia. Anawangojea."

Hakuwa amemwambia. Kila jioni alikusudia kusema, na kila jioni aliahirisha mpaka kesho.

Kwa hiyo Hubert alipoona magari, na Benie akishuka katika gauni la rangi ya dhahabu, hakuwa na sababu ya kujificha. Aliteremka ngazi akitabasamu. Suruali yake ilikuwa nyeupe kwa chokaa mpaka magotini, nywele zake zimekuwa za mzee kwa vumbi. Alijifuta mkono kwenye shati, akaunyoosha.

"Benie! Bonjour, mama. Bonjour, papa. Félicitations kwa harusi."

Wasimamizi wa bibi harusi wakatazamana. Tonton Jean-Marie, baba wa Ursule na kaka wa mama yake Benie, mtu aliyemlea Benie tangu baba yake afariki, aliutazama mkono ule kisha akamtazama mpwa wake.

"Benie, weye unajuana na huyu mutu?"

Shangazi mnene akaangua kicheko chembamba. "Benie yetu? Na huyu wa chokaa?"

Hapo ndipo Benie aliposema. Maisha yake yote angetaka kusimulia kwamba alisita, kwamba neno lilimponyoka. Halikumponyoka. Alikuwa na muda wa kuvuta pumzi, na alivuta.

"Hapana, tonton. Sijue ni nani. Ni fundi tu wa hapa."

Mkono wa Hubert ulibaki umenyooshwa. Macho yao yalikutana, na Benie aliona jambo linaeleweka katika macho yale, hatua kwa hatua: kwamba mama hakuambiwa, kwamba mwezi mzima ulikuwa uongo. Hakuweza kuyavumilia. Na kwa kuwa hakuweza kuyavumilia, akaongeza neno la pili, lililokuwa baya kuliko la kwanza, kwa sauti ya mtu anayemtuma mtumishi:

"Monsieur, toa ngazi yako pale. Tunapiga picha."

Hubert aliushusha mkono.

"Ndiyo, madame," akasema.

Aliibeba ngazi peke yake, akasimama nayo nyuma ya nguzo asionekane. Mpiga picha akawapanga watu. "Tabasamu!" akasema. Wote wakatabasamu.

* * *

Benie alimpigia simu mara tisa. Simu iliita, haikupokewa. Jumapili kanisani hakusikia hata mstari mmoja wa mahubiri, na walipopitia kwa majirani kusalimia, kila aliyemsifu kwa gauni lake la jana alikuwa kama anamchapa.

Saa saba na nusu alimwambia mama yake anakwenda kununua vocha. Alikwenda bustanini. Alikumbuka kwamba Hubert alikuwa amemwahidi mjomba wake kumwonyesha kazi kwanza, kabla ya kwenda kupiga hodi. Pengine wameahirisha, alijisemea. Pengine sitakuta mtu. Hakujua kama alikuwa anaiogopa pengine ile au anaiomba.

Aliwakuta.

Kwenye kiti cha jiwe chini ya nguzo alikuwa ameketi mzee mwembamba, shati jeupe jipya ambalo mikunjo ya dukani haijatoka, viatu vimepigwa rangi mpaka vinaakisi jua. Miguuni pake palikuwa na jogoo mwekundu aliyefungwa na kreti moja ya soda. Hubert alikuwa amesimama kando, amevaa koti la kijivu, amewapa mgongo.

"Nani huyo?" mzee akauliza akikaza macho. Vumbi la mawe lilikuwa limeyaharibu macho yake kwa miaka arobaini. "Hubert, ni yeye?"

"Ni yeye, tonton."

"Ah, bokilo, mukwe wetu!" Mzee akasimama na kumkamata Benie mikono yote miwili. "Umekuja kutupokea njiani! Mi ni Faustin. Huyu nilimufundisha kazi. Nilimwambia, twende mapema, watu wa kwenu Maniema hawapende mutu wa kuchelewa. Ni kweli?"

Benie akamtazama Hubert juu ya bega la mzee. Hubert akatikisa kichwa kidogo. Hakuwa amemwambia.

"Ni kweli, papa," Benie akajibu.

"Shati hili nilinunua kwa siku ya leo. Iko sawa? Hubert anasema kola ni kubwa."

"Iko sawa kabisa, papa."

"Bon. Keti." Mzee akapapasa nguzo kwa kiganja kama mtu anayempapasa ng'ombe wake. "Majani haya alichonga baba yangu. Mawe yalitoka ng'ambo, wakayavusha kwa mitumbwi, mutumbwi mumoja ukazama na watu wawili. Alichonga miaka miwili. Lakini wakati ule wa wazungu bustani haikuwa ya watu kama siye. Alijenga lango, ndani hakuingia. Leo mi niliingia, nikazunguka, nikatoka. Nikasema, baba, nimepita kwa niaba yako." Akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi.

Benie alisikia uso ukimwaka moto. Alitamani ardhi ipasuke.

"Papa, nipe ruhusa niongee na Hubert kidogo."

"Ongeeni! Vijana muongee. Mi niko na jogoo."

Walikwenda nyuma ya nguzo ya kushoto. Hubert alisimama mbali naye kiasi cha hatua mbili, na hatua zile mbili zilikuwa pana kama mto.

"Hukumwambia," Benie akasema.

"Nimwambie nini? Jana nilifika nyumbani nikakuta anapiga viatu rangi. Asubuhi nikasema nitamwambia njiani. Njiani alikuwa anaimba." Hubert alizungumza polepole, bila kupandisha sauti. "Miye nilijua neno la kusema? Nimwambie, tonton, vua shati?"

"Hubert, nisamehe."

"Mwezi muzima ulinidanganya."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Wasikucheke."

"Bon. Wamenicheka. Shangazi yako alicheka, nilisikia. Sikuumia. Mutu asiyenijua akinicheka, ni mudomo wake. Lakini weye hukucheka, Benie. Ulinipa amri. Afadhali ungecheka."

Benie akajifunika uso kwa mikono.

"Usilie hapa. Tonton haone vizuri, lakini anasikia sana."

"Sijue kwa nini nilisema lile neno la ngazi. Nimejiuliza tangu jana. La kwanza nilisema kwa woga. La pili..."

"La pili ulisema ili niondoke machoni mwako."

"Ndiyo."

Alishangaa kusikia amekiri. Hubert pia alishangaa, akageuza uso, akatazama mahali ambapo chokaa ya Ijumaa ilikuwa imeanza kukauka.

"Nilisimama hapa," akasema, "hapa hapa, na ngazi begani. Nikasikia mpiga picha anasema tabasamu. Nikajiuliza, atatabasamu? Nikachungulia. Ukatabasamu."

Kulikuwa na majibu mengi ya uongo, na Benie aliyaona yote yamepangwa foleni, mepesi, yamezoea kutumika.

"Nitamwambia papa Faustin mimi mwenyewe," akasema hatimaye.

"Wacha. Nitasema mama yako anaumwa, siku imesogezwa."

"Hapana, Hubert. Hapo tutakuwa wawili wa kudanganya."

Alirudi kwa mzee kabla hajaishiwa nguvu. Akachuchumaa mbele yake, gauni likiburuzika vumbini.

"Papa, nyumbani hawajue kwamba munakuja."

Faustin aliinamisha sikio. "Unasema?"

"Hawajue. Nilimwambia Hubert wanajua, nilidanganya. Na jana tulikuja hapa na harusi. Hubert alinisalimia mbele ya watu wetu. Wakaniuliza kama ninamjua. Nikasema simjue. Kisha nikamwambia atoe ngazi."

Jogoo alijigeuza katika kamba zake. Watu wa Jumapili walipita langoni, akina mama waliojifunga vikwembe vyao, wanafunzi wawili wakisukumana, na kila aliyepita alimtazama binti aliyechuchumaa mbele ya mzee aliyevaa shati jipya.

"Alikuwa amevaa nini?" Faustin akauliza.

"Nguo za kazi, papa."

"Na kama angevaa hili koti la leo? Ungemujua?"

Benie alitaka kusema ndiyo. Alitaka pia kusema hapana, kwa kuwa hapana ingemwonyesha mnyenyekevu. Alifikiri.

"Sijue, papa. Kwa kweli sijue."

"Hm." Mzee akapumua kwa pua. "Hilo angalau ni kweli." Akajishika magoti kujiinua. "Hubert! Beba jogoo. Turudi kwetu."

"Papa, tafadhali." Benie aliushika ukingo wa shati jeupe, akaachia haraka, akiogopa kulichafua. "Nipe saa moja. Siombi mengine. Nikirudi peke yangu, basi mwende, na sitawafuata."

Faustin alimtazama kwa macho yake mabovu, kisha akaketi tena.

"Mutu mzima akishavaa na kuketi," akasema, "saa moja si kitu. Nenda."

* * *

Alipanda toleka. Mwendesha baiskeli alikanyaga pedali akipiga soga juu ya mvua ya jana, na Benie, nyuma kwenye kiti cha sifongo, hakusikia hata nusu. Nyumbani aliwakuta mama yake na tonton Jean-Marie mezani, wanamalizia lituma, ndizi za kupondwa, na samaki waliobaki harusini. Mama yake, Mama Georgette, alikuwa mkuu wa shule ya msingi. Hata akila aliketi wima.

"Vocha imekuwa ya mbali," mama akasema.

Benie hakuketi. Alisema kila kitu akiwa amesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Aliyasema ya miezi mitano, na ya uongo wa mwezi mmoja. Aliposema jina la Hubert, tonton aliweka kijiko chini.

"Yule fundi? Wa ngazi?"

"Ndiyo, tonton."

"Wa wapi?"

"Wagenia."

"Wagenia!" Jean-Marie akasukuma sahani. "Georgette, unasikia? Nimemusomesha huyu mutoto mpaka licence ya chuo kikuu. Nimekwenda kila mahali na kofia mukononi apate kazi. Alors, leo ananiletea mutu wa mitego ya samaki, anayeshinda juu ya ukuta kama mjusi! Ursule ameolewa na mwanasheria. Watu watasema nini juu ya nyumba hii?"

"Ni mwashi, tonton. Anachonga mawe. Lango lile lote..."

"Nyamaza! Jana nilikuuliza mbele ya watu. Ulisema humujue."

"Nilidanganya."

"Basi endelea kudanganya! Ni heri ile ya jana."

Mama Georgette alifuta vidole. Alinyoosha mkono, akachukua simu yake kando ya bakuli, akaifungua, akaisukuma juu ya meza mpaka mbele ya binti yake. Ilikuwa picha ya jana. Watu ishirini na wawili chini ya tao la mawe, wote wanamtazama mpiga picha. Benie peke yake alikuwa amegeuza macho kushoto, tabasamu limebaki mdomoni kama kitu kilichosahauliwa. Pembeni, nyuma ya nguzo, palionekana ncha ya ngazi na vidole vinne vyeupe vimeishika.

"Niliiona asubuhi," mama akasema. "Nikajiuliza, ile nguzo ina nini, mutoto wangu aitazame hivi. Donc ni yeye?"

"Ni yeye, mama."

"Unamupenda?"

"Ndiyo, mama."

"Unamupenda, na ulimwambia vile. Nilisikia kwa masikio yangu. Nikasema moyoni, Benie anazungumza vibaya na fundi, nitamukanya nyumbani. Kisha nikasahau kwa ajili ya keki." Mama alinyanyuka. Uso wake haukuwa wa hasira. Ulikuwa umeshuka, na Benie aliona kwa mara ya kwanza kwamba mama yake anazeeka. "Nilidhani ni mutu usiyemujua. Hata huyo hakustahili. Sasa unaniambia ni mutu uliyemupa moyo."

"Mama, utamkataa?"

"Kukubali na kukataa ni kazi yetu, mimi na kaka yangu, na tutaifanya siku yake. Mi sijamaliza kuwaza juu ya Wagenia, nisikudanganye. Lakini kumukana mutu, Benie, kumukana machoni pake, hilo nilikufundisha wapi? Niambie ni darasa gani, nikajilaumu."

Benie akalia. Alikuwa amejiandaa kwa kofi, kwa matusi, kwa mlango kufungwa. Kwa hili hakuwa amejiandaa.

"Wako wapi sasa hivi?" mama akauliza.

"Langoni. Mjomba wake amenunua shati jipya. Ameketi, ananingojea."

"Ana umri gani?"

"Anapita sabini."

Mama Georgette akaingia chumbani. Akatoka amejifunga kikwembe cha kanisani, na kitambaa kipya kichwani.

"Georgette, unaenda wapi?" Jean-Marie akainuka. "Hakuna upande wa binti unaotoka kuwafuata wenye kuoa! Ni aibu. Watu watatucheka."

"Aibu iko tayari, kaka. Imekaa pale bustanini tangu saa nane, imevaa shati jipya. Miye naenda kuiondoa." Akachukua mkoba. "Kama unataka kukasirika, kasirika, lakini usifunge mulango."

* * *

Walitembea. Mama alikataa baiskeli, alikataa pikipiki. Alitembea jua lote la Makiso, hatua moja mbele ya binti yake, bila kumsemesha. Kila jirani aliyesalimia alijibiwa kwa heshima, na kila aliyeuliza "Munaenda wapi na jua hili?" aliambiwa, "Kuomba radhi," na Benie nyuma yake akainamisha kichwa chini zaidi.

Faustin alisikia hatua za wawili, akasimama. Hubert alitoa mikono mfukoni.

"Papa," Mama Georgette akasema, "mi ndiye mama ya Benie. Sikukuja kupokea jogoo. Wala sikukuja kukukataa. Ya posa iko na siku yake, kama itakuwa. Nimekuja kwa sababu umevaa na umetoka kwako kuja kwangu, na nyumba yangu haikujua. Na mutoto wako aliinua mukono kutusalimia, na siye wote tulisimama, hakuna aliyeupokea. Hata miye. Ninaomba radhi."

Akamgeukia Hubert, akampa mkono.

Hubert aliutazama. Ulikuwa mkono mfupi wa mwalimu, wenye pete moja ya ujane. Aliushika kwa mikono yake yote miwili, akainama.

"Mama, imekwisha," akasema.

"Haijakwisha. Imeanza tu kusemwa."

Faustin alikuwa anafuta macho kwa mkono wa shati lake jipya. "Vumbi," akasema. "Mama, na miye nikuambie. Sikukuja kuomba muke leo. Hiyo niliacha saa moja iliyopita. Nimeketi tu. Keti na weye."

Waliketi kwenye kiti cha jiwe, mwalimu na mwashi mzee, na jogoo katikati ya miguu yao. Walizungumza juu ya mvua, juu ya Kindu alikozaliwa mama, juu ya samaki wanaopungua kwenye maporomoko. Hawakuwataja watoto wao hata mara moja.

Benie na Hubert walisimama kila mmoja upande wake wa lango.

"Hubert."

"Nakusikia."

"Nilimwambia mama yote. Na tonton."

"Nimeona."

"Umenisamehe?"

Hubert alitikisa kichwa. "Hapana," akasema. "Nikisema ndiyo leo, itakuwa ni huruma kwa sababu mama yako ametembea juani. Ndani bado panauma, Benie. Nikifumba macho nasikia nilivyokuita madame."

"Utakuja tena kwetu?"

"Sijue."

Aliipokea sijue ile bila kulalamika. Ilimchoma, na alijua anaistahili, na kulikuwa na nafuu ndogo ya ajabu katika kuchomwa na kitu anachokistahili.

"Nitapita hapa kesho adhuhuri," akasema. "Hutalazimika kushuka."

Hubert hakusema usipite.

Mama Georgette alisimama, akapangusa kikwembe. "Papa Faustin, nyumbani kuna lituma na samaki wa harusi. Si chakula cha posa. Ni chakula tu. Mutu aliyevaa hivi hawezi kurudi Wagenia na njaa, nitaonekana sikulelewa. Kaka yangu amekasirika, nisikufiche. Atakutazama vibaya."

"Mi sione vizuri," Faustin akasema. "Anitazame tu."

"Na jogoo?"

"Huyu?" Mzee akamkwapua jogoo na kumtia kwapani. "Huyu hakuja kwa posa. Ni jogoo tu anayetembea na mzee."

Mama Georgette akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Wakatangulia wawili, mkono wa mzee juu ya mkono wa mwalimu kwa ajili ya macho yake.

Kreti ya soda ilibaki chini. Hubert aliinama kuichukua, na Benie akaushika mpini wa upande wa pili.

"Wacha. Ni nzito."

"Najua."

"Barabara nzima watakuona na miye."

Benie alikaza vidole. Aliinua. Waliingia barabarani, kreti katikati yao, chupa zikigongana, jua likiwa bado juu na watu wote wa Jumapili nje ya milango yao. Pale penye duka la dawa alisimama Vicky wa ofisini kwake, kinywa wazi. Mbele kidogo, shangazi mnene wa jana alikuwa kwenye baraza ya rafiki yake, kicheko kikamkauka. Uso wa Benie uliwaka kutoka kidevuni mpaka masikioni. Aibu ya jana ilikuwa bado ndani yake nzima, haikupungua hata chembe, na juu yake sasa kulikuwa na hii ya leo, ya kutazamwa. Mpini ulimkata vidole. Hakuachia.

Hubert hakumtazama. Walipita nyumba ya kumi, ya kumi na moja. Mbele yao, kwenye kizingiti, tonton Jean-Marie alikuwa amesimama amekunja mikono kifuani. Mlango nyuma yake ulikuwa wazi.

"Benie," Hubert akasema, macho mbele.

"Ndiyo?"

"Inua upande wako. Uzito wote unakuja kwangu."

Akainua.